Wote wamepata 17: je, nifute mtihani?

Ukurasa huu unajibu barua za walimu, wanafunzi na wazazi. Juma hili kuna barua mbili, zote za Lubumbashi, zote kuhusu mitihani inayofanyika kwa simu.

SWALI

Mama Prof, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni asistenti katika chuo kimoja hapa mjini, mwaka wangu wa pili kazini. Nafundisha takwimu kwa wanafunzi 84 wa lisansi ya kwanza, yaani mwaka wa kwanza wa shahada. Muhula huu nusu ya kozi imepita kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp na kwenye jukwaa la Moodle la chuo, maana ukumbi tunagawana na promosheni nyingine, yaani darasa jingine.

Niliwapa mtihani wa maswali 20 ya kuchagua, kila swali majibu manne, dakika 30. Wastani umetoka 17 juu ya 20. Hata wale ambao hawajawahi kuandika neno kundini wamepata 17 na 18. Siku tatu baadaye nikawaita ukumbini, nikawapa intero, jaribio fupi la ghafla, kwenye karatasi: maswali yaleyale, ila bila majibu ya kuchagua. Wastani ukashuka mpaka 7. Na kuna jambo lingine. Katika ule mtihani wa simu, watu 61 wamekosa swali moja, la 14, na wote wameweka jibu lilelile. Hiyo si alama ya kunakiliana?

Mkubwa wangu wa kazi ananishauri nifute pointi zote, na safari ijayo niwalazimishe kufungua kamera tangu mwanzo wa mtihani hadi mwisho. Wanafunzi wanasema ninawaonea. Nifanye nini? Nakuomba usitaje jina langu.

Asistenti wa Kampemba

JIBU

Ndugu yangu asistenti, kabla hujafuta chochote, fungua swali la 14 ulisome tena. Lisome polepole, kama mtu ambaye hakulitunga.

Nakuambia hivyo kwa sababu na mimi nimefundisha takwimu miaka mingi, na jambo kubwa ninalolijua kuhusu kupima watu walio mbali nililipata kwenye swali moja dogo nililolitunga mwenyewe usiku, mezani jikoni, mbabula bado ina moto. Ilikuwa baada ya Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa ajili ya korona, nasi walimu tukaanza kujifunza kupitisha kozi kwenye simu. Niliandika hivi: tafuta mediani ya namba 7, 3, 9, 5. Mediani ni namba ya katikati ukishazipanga kutoka ndogo hadi kubwa; za katikati zikiwa mbili, unazijumlisha na kugawa kwa 2.

Promosheni nzima, ukiondoa watu wanne, ikajibu 6. Na jibu ni 6. Nilifurahi sana. Nilimwambia mwenzangu mmoja kwamba mediani imewaingia vizuri, tena kwa simu, tuendelee na sura nyingine.

Majuma mawili baadaye nikawaomba jambo nililokuwa sijawahi kuwaomba: kila mmoja anitumie ujumbe wa sauti, asiniambie jibu tu, aniambie amefikaje. Nikarudia swali lilelile ili waanze na kitu wanachokijua. Binti wa kwanza akasema: "Mama, nimejumlisha zote nimepata 24, nikagawa kwa 4." Huo ni wastani, si mediani. Kijana aliyemfuata akasema amechukua namba mbili za katikati kama zilivyoandikwa, 3 na 9, akatafuta nusu ya jumla yake. Huyo hakuzipanga. Wa tatu ndiye aliyezipanga kwanza, 3, 5, 7, 9, akachukua 5 na 7, akapata 6. Njia tatu, mbili zimepotoka, na zote zinaishia kwenye 6. Nikazima simu, nikachukua kalamu nikajaribu tena namba zangu zile, nikidhani huenda nimekosea kusikia. Sikukosea. Nilikuwa nimetunga swali ambalo anayejua na asiyejua wanapata pointi sawa, kisha nikajenga sura nzima juu yake.

Ukumbini kosa hilo lingejulikana siku ileile. Unapita kati ya viti, unaona karatasi ya majaribio, ile tunayoiita bruyo, unaona mkono unaandika 24 gawa kwa 4, unasimama na kuuliza. Kwenye simu bruyo haiji. Inakuja 6 peke yake, safi, haina jasho. Kwa hiyo mwalimu wa mbali akitaka kuona njia, lazima aiombe. Asipoiomba hataiona, hata aweke kamera kumi.

Sasa turudi kwa wanafunzi wako. Kwamba wamezungumza, sibishi. Asiyejua kitu akibahatisha maswali 20 yenye majibu manne, kwa wastani anapata 5. Kwa hiyo 17 haikuja kwa bahati; na pale kwenye kundi lako la WhatsApp, uwe na hakika lipo kundi la pili ambalo wewe humo. Lakini swali la 14 ni habari nyingine. Watu wanaonakiliana hugawana makosa, ni kweli, ila wanayagawana kwenye maswali kadhaa, na utawakuta vikundi vikundi: hawa watano, wale wanane. Watu 61 wakikosa pamoja swali moja tu, na kwingine kila mmoja akakosa kwake, kwanza angalia kama jibu uliloliweka kwenye jukwaa ndilo sahihi, kisha kama swali linasomeka kwa maana mbili. Tazama pia wale wanafunzi wako watano au sita unaojua wanaelewa, wale wanaokuuliza maswali mpaka unatoka ukumbini. Nao wamo katika hao 61? Kama wamo, kosa ni la swali. Warudishie pointi yao, na uwaambie kundini kwamba umeirudisha na kwa nini.

Na ile 7 ya ukumbini nayo usiishike kama ndiyo ukweli wenyewe. Umewashtukiza, na umebadilisha kazi. Kuchagua jibu kati ya manne ni kazi moja, kulitoa kichwani kwenye karatasi tupu ni nyingine, hata maneno ya swali yakiwa yaleyale. Kati ya 17 na 7 kuna wanafunzi 84, na kwa hizo namba mbili wewe bado hujui yupi anajua nini.

Kuhusu kamera nitakujibu kwa yaliyonipata. Miaka mitatu iliyopita nilijiandikisha katika mafunzo ya walimu wa vyuo kuhusu kufundisha kwa intaneti. Nikawa mwanafunzi tena. Jaribio la kwanza lilikuwa la dakika 40. Nilipika mapema, nikawaambia watoto wasinisemeshe, nikakaa. Dakika ya 11 kuranti ikakatika mtaa mzima na kisanduku cha intaneti kikazimika. Nikachukua simu, nikatoka na mvua yake kununua mega za intaneti kwa kijana anayeuza pale njia panda, nikarudi nimelowa. Ukurasa ulipofunguka, saa ya mtihani ilikuwa imeendelea kuhesabu bila mimi. Zimebaki dakika 2. Nilipata 6 juu ya 20. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza: "Mama, umefeli?" Nikamjibu ndiyo, maana ndivyo ilivyoandikwa. Siku mbili sikuufungua ukurasa ule.

Mafunzo yale yalikuwa mazuri, na waliyaandaa watu wenye nia njema. Lakini usiku ule hawakupima ninachokijua kuhusu kufundisha. Walipima kuranti ya mtaa wetu. Wewe unajua vizuri hali ya umeme hapa Lubumbashi: mtaa huu wana kuranti mchana, ule usiku wa manane, mwingine siku kadhaa hawaioni. Ukiongeza kamera ya nusu saa, unamwomba mtoto wa mama muuza mkaa anunue mega za nusu saa ya video ili akuthibitishie kwamba si mwizi. Na kamera inaona uso. Simu ya pili iliyo pajani haiioni. Mimi ningemwambia mkubwa wako hapana, kwa heshima, nikiwa na mpango mwingine mkononi.

Mpango wenyewe ndio huu ninaoutumia. Kila mwanafunzi aende sokoni kwao, aulize bei ya kipimo kimoja cha unga wa mahindi kwa wauzaji 5, aandike namba zake, atafute wastani na mediani, kisha atume picha ya karatasi na sauti ya dakika 2 akieleza ni ipi kati ya hizo mbili angemwambia mtu anayetoka nyumbani kwenda kununua unga. Wa Ruashi ana namba za Ruashi, wa Katuba ana za Katuba. Anayetaka kumnakili mwenzake ataniletea bei za soko asilolijua, na sauti yake itanionyesha.

Nitakupa sauti moja niliyoisikiliza mara mbili. Kijana wa Kenya, mtaa wa hapa mjini, si ile nchi, ambaye kwenye maswali ya kuchagua nilimpa 9, alileta bei hizi kwa faranga: 2,000, 2,000, 2,200, 2,300 na 4,000. Nyuma yake kulikuwa na redio na mtoto analia. Akasema: "Mama, wastani unanipa 2,500, lakini pale sokoni hakuna hata mmoja anayeuza 2,500. Huyu wa 4,000 anauza kwa deni, watu wanamlipa mwisho wa mwezi, ndiyo maana ameipandisha. Mimi nachukua mediani, 2,200, hiyo ndiyo bei mama yangu anayonunulia." Syllabus yangu ina kurasa tatu kuhusu namba moja kubwa inavyovuta wastani. Yeye alieleza kwa dakika moja na nusu, akaongeza sababu ambayo kurasa zangu hazina: deni. Na mtihani wangu wa kwanza ulikuwa umemwita mtu wa 9.

Utaniambia 84 ni wengi. Piga hesabu: sauti 84 za dakika 2 ni dakika 168, hazifiki saa tatu. Nakala 84 za karatasi hazikukuchukua muda mfupi kuliko huo. Mimi nasikiliza 20 kwa siku, daftari mbele yangu, na kwa kila mmoja naandika sentensi mbili: moja ya alichofanya vizuri, moja ya anachopaswa kurekebisha. Kwa zoezi la kwanza siweki pointi kabisa. Hapo wanafunzi hulalamika, na CP, kiongozi wa promosheni, atakuja kukuomba uweke hata 1. Usiweke. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler, huko Israeli, aliwagawa wanafunzi: wengine walirudishiwa kazi yenye alama tu, wengine yenye maoni tu, wengine yenye vyote viwili. Waliosonga mbele ni wale wa maoni tu. Wale waliopata vyote viwili hawakufaidika na maoni yao, alama iliyameza. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wanafunzi wangu wanavyopokea nakala: macho yanaenda pembeni juu, kwenye namba nyekundu, kisha karatasi inakunjwa.

Ndipo pointi zije baadaye, kwenye zoezi la pili la namna hiyohiyo, wakati wameshajua unatafuta nini. Wapime kwa vigezo ulivyowapa mapema kundini: amepanga namba, amehesabu sawa, ameeleza kwa nini. Michael Scriven aliyatoa majina ya mambo haya mawili mwaka 1967 akizungumzia mitaala, na Benjamin Bloom akayaleta kwa wanafunzi: upimaji wa kumjenga mtu angali njiani, na upimaji tamati wa kusema amefika wapi. Kosa letu, nadhani, ni kwamba tulipohamia kwenye simu tulichukua ule wa tamati peke yake, tukauacha ukumbini ule wa njiani, ambao tulikuwa tunaufanya kwa macho bila kujua kwamba ni upimaji. Na siku hizi za LMD, mfumo wa lisansi, masta na udaktari, za krediti 60 kwa mwaka na 180 kwa lisansi, kazi anayoifanya mwanafunzi nje ya ukumbi inahesabiwa. Basi na sisi tuitazame.

Maswali ya kuchagua usiyatupe. Yanafaa kwa mazoezi. Moodle ina aina ya swali la hesabu ambapo kila mwanafunzi anapewa namba tofauti, na ina nafasi ya kumwongezea muda mtu mmoja aliyekatiwa kuranti bila kuwafungulia wote. Tumia zote mbili. Lakini kabla ya kutuma swali, lijaribu kwa njia zote mbaya unazozijua. Ukipata jibu sahihi kwa njia mbaya, badilisha namba. Kwa lile langu ingetosha kuandika 12 mahali pa 9: mediani inabaki 6, wastani unakuwa 6.75, na asiyepanga anapata 7.5.

Angalia na saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekwenda Kinshasa kumzika mjomba wake. Mtihani ulifunguliwa saa mbili asubuhi ya hapa, ukafungwa saa tatu. Yeye alifungua saa mbili ya simu yake, akakuta mlango umefungwa. Tangu siku ile naandika "saa ya Lubumbashi", na mlango nauacha wazi siku nzima.

Kuhusu ChatGPT, ambayo imekuwapo tangu Novemba 2022 na ambayo hukuitaja, ingawa najua unaifikiria: programu hiyo inaweza kumwandikia mwanafunzi maelezo mazuri ya mediani. Haijaenda soko la Kenya. Mwenye kusoma maneno yake utamsikia. Ukiwa na shaka, mpigie, dakika 3, muulize yule wa bei kubwa alikuwa anauza karibu na nani. Mimi kila zoezi nawapigia watu 10 kwa kura, wawe wa kushukiwa au la, na CP ndiye anayevuta karatasi mbele ya wenzake, ili asionekane mtu ametafutwa.

Pointi za sasa, basi. Usizifute kabla hujatoa kazi nyingine, maana ukifuta leo unabaki mikono mitupu jiri, kikao cha walimu cha kupitisha matokeo, ikikaa. Ongea na mkubwa wako, mwonyeshe 17 na 7 pamoja, mweleze kwamba hakuna hata moja unayoiamini. Mwombe ruhusa ule mtihani wa simu uhesabiwe kama zoezi, wenye uzito mdogo, na kazi ya sokoni ibebe uzito mkubwa. Kisha waambie wanafunzi wako ukweli, bila kuwaita wezi: kwamba uliuliza vibaya, kwamba baadhi yao walijibu vibaya, na kwamba sasa mnaanza upya. Nilipowaambia wangu kuhusu ile 6, kundi lilinyamaza muda mrefu. Halafu yule binti wa 24 akaandika: "Mama, kumbe mimi sikuijua." Akaomba nimweleze tena siku ileile.

Niandikie ukishalisoma swali la 14. Nataka kujua lilisemaje.

SWALI

Mama, mimi ni mwanafunzi, naishi Ruashi. Simu ninayofanyia mitihani ni ya dada yangu, na yeye anarudi kutoka kazini saa moja jioni. Mwalimu anatoa maswali mchana na anafunga saa kumi na moja. Nimepata sifuri mbili. Naona haya kumwambia, wenzangu wote wana simu. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa Ruashi

JIBU

Mwanangu, mwambie kesho. Usimwandikie kundini, nenda umwone ana kwa ana, au mpe CP karatasi iliyokunjwa. Sema mambo matatu tu: simu ni ya dada, inafika saa moja jioni, na unaomba kufanya kazi ileile kwa karatasi mchana au kwa simu usiku. Usiombe akuhurumie, omba saa. Mwalimu akiangalia jukwaa anaona sifuri. Haoni simu iko wapi, na mimi nimekwisha kuwapa sifuri watoto kama wewe kwa kutokujua. Akikataa, mwombe CP aende nawe mara ya pili. Na zile sifuri mbili, taja tarehe zake, usiziache zipite.